Maua ya Februari London: picha yenu haikusema yote

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mlitoa picha ya mti uliojaa maua kando ya barabara moja ya London, na chini yake mkaandika kwamba majira ya machipuko yamewahi Uingereza mwaka huu wa 2024. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ana kibanda cha matunda pale Mombo, aliipiga kwa simu akanitumia. Akaongeza: "Ba'mdogo, basi mmepona. Mwaka huu hutatusumbua na habari za baridi." Nikamjibu kwa alama ya kicheko, tukaishia hapo. Kesho yake nikiwa kazini, mkasi wa kupogolea mkononi, nikasimama chini ya mti wa aina ileile na kujikuta namjibu kwa sauti, Kisambaa kitupu, mpaka mwenzangu akaniuliza nazungumza na nani. Nikaona heri niwaandikie nyinyi.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Natunza bustani za umma za halmashauri moja ya London magharibi, na mwaka huu natimiza miaka 19 katika kazi hiyo. Sikusomea hali ya hewa. Ninachokijua ni majani, udongo na gambuti zinazovuja.

Nianze na mti wenyewe. Wengi hapa huuita mcheri, na huenda mpiga picha naye aliambiwa hivyo. Kwa macho yangu ule ni mplamu, jamaa ya plamu ambazo kijana wangu anawauzia abiria wa mabasi dirishani. Sio wa matunda hasa, wameupanda kwa ajili ya maua, na kila mwaka ndio unaotangulia miti mingine yote ya barabarani. Nina daftari la jalada gumu ambalo nimekuwa nikiandika mambo haya tangu 2008, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, limeshalowa mara nyingi na kurasa zimekunjamana. Ukurasa wa 2010 unasema: "Februari 24, plamu ya getini bado imefunga kabisa." Wa mwaka huu unasema: "Januari 30, plamu ya getini imefungua." Mti ni uleule, geti ni lilelile.

Na haukuwa peke yake. Kuna ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa, wenyewe wanaliita tone la theluji, ambalo nilizoea kuliona mwishoni mwa Januari. Safari hii lilitoka kabla ya Krismasi. Krokasi, ndugu yake zafarani, zilifuata katikati ya Januari, zikapigwa na baridi ya siku chache, zikasimama tena. Daffodili la kwanza la bustani yangu lilichanua huku mapambo ya mwaka mpya hayajaondolewa kwenye nguzo za taa. Februari 6 nikakuta mayai ya vyura yameelea bwawani kama uji wa tapioka. Siku mbili baadaye malkia wa nyuki wale wakubwa wenye manyoya, amevaa kama sweta, anazungukazunguka kwenye ua ambalo halikuwa na kitu cha kumpa.

Wiki iliyopita idara yao ya hali ya hewa, Met Office, imetoa hesabu: kwa England na Wales hii imekuwa Februari yenye joto kuliko Februari zote tangu kumbukumbu hizo zilipoanza mwaka 1884. Wastani wa England ni nyuzijoto 7.5. Najua msomaji wa Tanga anacheka. Nyuzi 7 na nusu kwake ni jokofu. Lakini mti wa huku hauishi Tanga.

Sasa jambo ambalo picha yenu haikuweza kuonyesha. Joto hili halikuja na jua. Aliyeitazama picha akiwa nyumbani ameona maua akadhani tumekaa kwenye majani tunaota jua na vinywaji baridi. La. Februari karibu yote mbingu ilikuwa imefunikwa kama sufuria ya wali, na mvua juu yake. Kule mashariki, jimbo la East Anglia, hawajapata kupima Februari yenye mvua nyingi namna hii. Upepo ulitoka kusini-magharibi, baharini, umebeba unyevu na uvuguvugu, mawingu yakaufungia chini. Kwa hiyo mchana haukuwa na maajabu yoyote. Maajabu yalikuwa usiku. Usiku wa Februari ndio unaopaswa kuleta jalidi, ule umande ulioganda unaofanya majani yavunjike chini ya kiatu kama mkate mkavu. Mwaka huu nimelisikia vunjiko hilo mara mbili tu mwezi mzima, na mara zote mbili limekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Usiku usipoganda, majani hayalali. Mkulima yeyote wa hapa atakwambia nyasi huendelea kukua mradi udongo usishuke chini ya nyuzi tano au sita hivi. Ratiba yetu ya kazi, ambayo imechapwa na kuwekewa plastiki ukutani ofisini, inasema ukataji wa kwanza wa nyasi ni wiki ya pili ya Machi. Ratiba hiyo iliandikwa na mtu ambaye amestaafu. Januari nyasi zilinifika kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia msimamizi, akasema tusubiri Machi. Wiki ya tatu ya Februari akapokea malalamiko ya wazazi kwamba watoto wanarudi nyumbani suruali zimelowa mpaka magotini, ndipo akasema kateni. Kukata vipi, ndugu yangu? Udongo umeshiba maji, mashine ina uzito wa ng'ombe. Tulipoiingiza uwanjani ilizama magurudumu mawili, tukaitoa kwa mbao na matusi. Mifereji iliyochimbwa siku ile bado iko pale, na bibi mmoja amenitumia barua kuniuliza kama tunalima viazi.

Vibarua wa msimu nao mikataba yao inaanza Aprili, kwa sababu zamani kazi ilianza Aprili. Sasa kazi inaanza Januari na mikono bado ni minne.

Wenyeji wana neno moja, mild, kwa hali ya hewa ya namna hii. Neno hilohilo hulitumia kwa jibini isiyo kali na kwa mchuzi usio na pilipili nyingi. Ni neno la upole, haliwezi kumtisha mtu. Kuna bibi mwingine, amepita miaka 80, ambaye huja na mbwa wake kila siku saa tatu asubuhi. Kila siku ananiambia: "Angalau si baridi." Ni yeye aliyenisimulia kwamba katika baridi ile kubwa ya 1963 vijana waliteleza kwenye barafu ya bwawa hilihili, na marehemu mumewe alivunjika kifundo cha mkono akijionyesha kwake. Siku hizi bwawa likiweka ukoko mwembamba kama wa maziwa tunauita habari. (Bibi huyo ana kopo la ua la zambarau dirishani jikoni kwake, lile wanaloliita African violet. Nilipomwambia asili yake ni misitu ya Usambara, kwetu, na kwamba jina lake la zamani la kisayansi, Saintpaulia, limetokana na afisa wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka Ulaya miaka ya 1890, alinitazama kama nimemwambia mbwa wake ni binamu yangu. Siku hizi huniletea habari za ua hilo kila asubuhi, kama mtu anayeripoti afya ya mgonjwa kwa ndugu wa mgonjwa.)

Sitaki kuwa mnafiki. Nimefaidi na mimi. Nyumbani kwetu tuna mita ya gesi ya kulipia kabla, kama Luku, na mwaka jana Februari ilikuwa inameza pauni 35 kwa wiki. Mwaka huu 20 imetosha. Mke wangu amefurahi na mimi nimefurahi. Ukiniuliza nikiwa sebuleni, nitasema ije hivi kila mwaka. Nikishavaa gambuti, jibu linabadilika.

Maana mambo haya nayaona yakizidi tangu siku moja ambayo siisahau. Februari 26, 2019, nilikuwa kazini si mbali na bustani ya Kew, na ni hapo Kew walipopima nyuzi 21.2. Siku iliyotangulia kule Trawsgoed, Wales, walikuwa wamepima 20.6, mara ya kwanza Uingereza kuvuka nyuzi 20 katika miezi ya baridi. Sisi tulivua makoti, tukavua masweta, mwenzetu mmoja akaenda kununua aiskrimu. Jioni hiyohiyo taarifa ya habari ikaonyesha nyika za Saddleworth, karibu na Manchester, zinaungua moto. Moto wa nyika, Februari. Na mwaka mmoja kabla, wiki ileile, tulikuwa tunamwaga chumvi kwenye njia na kusukuma theluji, kwa ile baridi waliyoipa jina la Mnyama kutoka Mashariki. Mti hauna runinga ya kuuambia lipi kati ya hayo mawili linakuja.

Mwaka huu Uskoti ndiyo iliyonishangaza. Katikati ya Januari mabonde ya milimani kule yalishuka zaidi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Januari 28, siku kumi na kitu baadaye, kijiji cha Achfary kaskazini kabisa kikapimwa nyuzi 19.9, na hakuna Januari iliyowahi kufika hapo nchini humu. Mwenzangu Mwingereza hakuelewa inawezekanaje kaskazini kuwe na joto kuliko London. Nilimweleza kwa Usambara. Upepo wa bahari ukipanda mlima upande mmoja unamwaga mvua yake huko juu, ukishuka upande wa pili unakuwa mkavu na unapata joto kadiri unavyoshuka. Ndiyo maana Lushoto unavaa sweta na Mombo, kilometa chache chini, unatafuta kivuli. Pale Achfary ni mchezo huohuo, ila upepo wenyewe tayari ulikuwa umetoka mbali kusini na joto lake. Akaniuliza hiyo Mombo iko wapi. Nikamwonyesha kwenye simu kibanda cha kijana wangu.

Kuandika tarehe za maua si wazimu wangu mimi tu. Bwana mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza mwaka 1736 kuandika siku ya kwanza ya kila ishara ya machipuko kwenye shamba lake: jani la kwanza, chura wa kwanza kulia, mbayuwayu wa kwanza. Watoto na wajukuu wakaendelea mpaka 1958. Watafiti wa Cambridge mwaka 2022 walikusanya kumbukumbu za namna hiyo, zaidi ya 400,000, za aina 406 za mimea, kuanzia 1753. Wakakuta kwamba tangu 1987 maua ya Uingereza yanatoka kwa wastani mwezi mzima mapema kuliko kabla ya hapo. Niliposoma habari hiyo nilikwenda kulichukua daftari langu lililokunjamana, nikalifuta vumbi na kulihamishia kwenye droo ya vyeti vya watoto.

Sasa nimjibu kijana wangu, maana yeye anauza matunda na jambo hili linamhusu kuliko anavyodhani. Marehemu baba alikuwa na miti sita ya plamu nyuma ya nyumba. Alizoea kusema plamu haizai ikikosa usingizi wa baridi, nasi watoto tukadhani amekosea maneno. Alikuwa anamaanisha kwamba lazima ipate baridi ilale kwanza. Mti wa matunda ya baridi huhesabu mara mbili. Kwanza huhesabu saa za baridi, ndiyo maana plamu inazaa Lushoto na haizai Korogwe. Hesabu hiyo ikitimia, mti unaanza hesabu ya pili, ya joto, na hiyo nayo ikijaa unafungua matumba. Miti ya London mwaka huu ilipata baridi yake, hasa katika ile wiki ya katikati ya Januari. Kisha zikaja siku hizi za vuguvugu, usiku na mchana, hesabu ya pili ikakimbia. Mti haujakosea hesabu. Kilichobaki nje ya hesabu yake ni Aprili.

Aprili ya hapa si ya kuaminiwa. Mwaka 2021 Februari iliisha kwa vuguvugu, na Machi 30 palepale Kew wakapima nyuzi 24.5. Mimi nina kipande cha shamba cha kukodi, hatua 10 kwa 20, na humo nimepanda mplamu mmoja kwa kumbukumbu ya mzee. Ulichanua ukawa mweupe kama kanzu ya Idi. Kisha Aprili ikaja na jalidi usiku baada ya usiku. Tangu walipoanza kuhesabu siku za jalidi mwaka 1960 hawajapata Aprili ya namna ile. Nilikwenda asubuhi moja kabla ya kazi, nikapasua ua moja kwa kucha. Nje jeupe, zuri kabisa. Ndani, pale ambapo tunda lingeshikia, peusi kama kichwa cha kiberiti kilichozimika. Nikapasua la pili, la tatu, nikaacha. Mwaka ule nilivuna plamu nne. Wenye mashamba ya matufaa kule Kent hawapasui maua kwa kucha kwa ajili ya kumbukumbu ya mzee, wana mikopo ya benki.

Na ndege. Kuna ndege wa jamii ya tipitipi, cuckoo, ambaye Waingereza wakimsikia huandika magazetini kwamba machipuko yamefika. Tangu 2011 watafiti wa ndege wamekuwa wakiwafunga vifaa vidogo vya satelaiti, na imejulikana kwamba miezi ya baridi ndege hao wako msituni Kongo. Wasomaji wako wa huko wanaishi nao wakati huu. Cuckoo hula viwavi. Viwavi wakitoka mapema huku kwa sababu majani yamewahi, nani atampelekea habari ndege aliyeko Kongo? Yeye anaondoka kwa kalenda ya huko, anavuka Sahara, anafika Aprili, na meza imeshapanguswa.

Kalenda kuhama si jambo geni kwetu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunaanza kufunga. Mwaka nilioingia nchi hii, 2001, Ramadhani iliangukia Novemba na Desemba, tukifuturu saa kumi jioni kabla njaa haijapata hata nafasi ya kujitambulisha. Miaka 15 baadaye ikawa Juni, zaidi ya saa 18, na mimi nachimba mitaro juani. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hesabu, na imamu ana karatasi yake imechapwa. Daffodili linahama bila karatasi.

Jumamosi nimepita shambani kwangu. Mplamu wa mzee umeanza kufungua matawi ya upande wa ukuta. Nimenunua kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia miti, mita 12, nimekikunja kibandani pamoja na kamba, ili nikisikia usiku wowote wa Aprili utashuka chini ya sifuri niwahi kuufunga kabla ya kuswali Magharibi. Mke wangu amekiona akasema kinafanana na sanda. Nimemwambia anyamaze.

Agosti nitamwandikia kijana wa Mombo kama kuna plamu, na ngapi. Mkiwa na nafasi nanyi nitawajulisha.

Mtunza bustani,
Isleworth, London,
Machi 4, 2024